Njia Iko Wazi, Habari Imefungwa

Leo ni Ijumaa, Mei 29, 2020. Umetimia mwezi mmoja kamili tangu Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, atutangazie kwamba nchi ina wagonjwa 480 wa korona na kwamba waliofariki ni 16. Wiki iliyofuata Zanzibar ikatoa hesabu yake, jumla ikafika 509 na vifo 21. Kisha kimya. Keshokutwa mabasi yataanza kushusha wanafunzi hapa Tabora, kwa kuwa vyuo vinafunguliwa Jumatatu, na tangu Rais atoe tangazo hilo wiki iliyopita simu yangu haijapumzika. Swali ni lile lile, nalo huja na heshima ile ile: "Shikamoo mwalimu. Nirudi, au nisubiri kwanza?"

Aliyenikwamisha ni binti mmoja wa mwaka wa pili anayeishi Temeke kwa bibi yake. Bibi ana kisukari. Binti haogopi kuja. Anaogopa kuja kisha arudi. "Nikikaa huko, mwalimu, halafu nirudi kwa bibi wakati wa likizo, nitakuwa nimembebea nini?" Nimefundisha historia kwa miaka mingi na nimezoea maswali ya kunitega. Hili halikuwa la kunitega, na sikuwa na jibu. Ningeweza kumweleza hali ya afya ya Zanzibar ya mwaka 1869 kwa uhakika mkubwa kuliko hali ya Temeke wiki hii, au ya mji huu ninaolala na kuamka ndani yake.

Kabla sijaendelea niweke msimamo wangu mezani, maana siku hizi mtu akiulizia takwimu huambiwa anataka wananchi wafungiwe majumbani. Sikutaka tufungiwe, na bado sitaki. Mama anayeuza uji pale stesheni hana akiba ya siku tatu, seuze ya wiki tatu. Kijana wa bodaboda wa Gongoni analipa hesabu ya tajiri kila jioni. Mkulima wa Urambo amekwisha kukausha tumbaku yake, anasubiri soko. Ukimwambia akae ndani unamwambia ale majani ya tumbaku. Na tumeona kwa majirani amri hizo zilivyoshuka juu ya vichwa vya watu. Likoni, Machi 27, polisi waliwarushia mabomu ya machozi na kuwapiga virungu watu waliokuwa wakikimbilia kivuko kabla saa ya amri ya kutotoka nje haijafika. Nairobi, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Uganda magari binafsi yalizuiwa, ikabidi mjamzito asakiwe kibali ndipo apelekwe kujifungua. Rais Magufuli alipokataa njia hiyo, mimi nilikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono, na nilibishana na wenzangu wa mijini ambao mishahara yao huingia benki wakiwa wamelala.

Kwa hiyo ugomvi wangu hauhusu barabara kuachwa wazi. Ugomvi wangu ni kwamba hoja mbili zisizohusiana zimefungwa katika mtumba mmoja, nasi tumetwishwa zote kwa pamoja kana kwamba haziachani. Ya kwanza inasema: watu wafanye kazi, wasafiri, wale. Ya pili inasema: wasiambiwe ugonjwa uko wapi na umefikia wapi. Nani ametuambia kwamba ukiikubali ya kwanza huna budi kuibeba na ya pili? Mimi naona kinyume chake. Aliyefungiwa ndani anaweza, kwa shida, kuishi bila kujua hali ya mtaa wa pili. Anayesafiri ndiye mwenye haja ya kujua yanayotokea mbele yake.

Hilo mji huu unalijua, kwa sababu umezaliwa na njia. Kabla ya kuitwa Tabora, wageni waliuandika kwa jina la Kazeh, nao ulikuwa mahali ambapo njia ya kutoka Bagamoyo ilipopumzika na kugawanyika, mkono mmoja ukienda Ujiji, mwingine Karagwe hadi Buganda. Burton na Speke walitembea siku 134 kutoka pwani hadi walipoingia hapa Novemba 7, 1857. Waliobeba mizigo ya biashara hiyo, mtu mmoja akiwa na frasila mbili begani, walikuwa zaidi Wanyamwezi, mababu wa wengi wanaosoma makala hii. Sisemi ilikuwa njia ya huruma. Ilibeba pembe, nguo na shanga, ikabeba pia watumwa, na mpagazi aliyeshikwa na ndui mara nyingi aliachwa porini msafara ukaendelea. Magonjwa yalipanda na kushuka nayo kama bidhaa nyingine.

Lakini njia ile haikuwa bubu. Msafara ulipokaribia mji ulipiga bunduki na kupuliza pembe, kirangozi akiwa mbele, na kabla mizigo haijatuliwa watu walikwisha kuulizana: huko mlikotoka kuna njaa? Kuna vita? Kuna ugonjwa? Mtu aliamua apite wapi kutokana na majibu hayo.

Na kuna kitabu kinachothibitisha thamani ya majibu yale. Kipindupindu kilipoivamia Zanzibar mwaka 1869 na kuua maelfu, alikuwepo pale daktari Mskochi aliyeitwa James Christie, tabibu wa Sultani. Alitaka kujua ugonjwa ulitoka wapi. Mwaka 1876 alichapisha kitabu chake kuhusu milipuko ya kipindupindu ya Afrika Mashariki, na ndani yake anaufuatilia ugonjwa ukishuka kutoka bara ya kaskazini, kupitia nchi ya Wamasai, hadi pwani ya Pangani, kisha kisiwani, kisha ukirudi tena bara kwa njia za misafara. Wakati huo Robert Koch alikuwa bado hajakitambua kijidudu chenyewe. Christie hakuwa na mashine yoyote, wala maabara ambayo mtu angeweza kuipelekea papai. Alikuwa na maswali. Waliompa majibu walikuwa wafanyabiashara na watu wa misafara, wengi wao wasiojua kusoma, waliomwambia tulipita mahali fulani, tukakuta watu wanakufa, tukaondoka mwezi fulani. Elimu ya dunia juu ya safari ya ugonjwa ule ilijengwa kwa vinywa vya wapita njia. Hakuna liwali aliyewakataza kusema kwa hoja kwamba watawatia hofu wenye maduka ya Forodhani.

Wapagazi wa leo wanaendesha malori. Barabara kuu ya kwenda Rwanda na Burundi haigusi Tabora mjini, bali inapita Igunga na Nzega, ndani ya mkoa huu huu, kuelekea Kahama na Rusumo. Mapema mwezi huu nilikuwa Nzega kwa shughuli za kifamilia, nikakaa kibandani na dereva mmoja aliyekuwa akirudi Dar es Salaam. Aliniambia amepimwa mpakani. "Majibu yangu wanayo Kigali," alisema. "Mke wangu yuko Mbagala, hana habari ya kitu." Alicheka, kisha akasogeza kiti chake nyuma kidogo. Yeye ndiye alisogea. Mimi nilikuwa nimesahau.

Tangu hapo nimekuwa nikiyawaza maneno yake kila ninaposikiliza redio. Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde na Tunduma Mei 11. Kenya ikafunga mpaka wake nasi Mei 16, ikaruhusu mizigo tu, kwa sharti la vipimo. Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, akawa anasimama mbele ya kamera na kutaja idadi ya madereva wa Tanzania waliokutwa na virusi na kurudishwa Namanga au kwingineko. Sisi tukakasirika. Viongozi wetu wa mikoa ya mpakani wakavitilia shaka vipimo vya Wakenya, madereva wao nao wakazuiwa kuingia kwetu. Ubalozi wa Marekani ukatoa tahadhari yake kuhusu hospitali za Dar es Salaam, na wiki hii serikali imemwita kaimu balozi ajieleze. Inawezekana kabisa kwamba tahadhari ile ilitiwa chumvi. Inawezekana pia kwamba vipimo vya mpakani vina kasoro. Lakini tunawakanusha kwa hesabu gani? Mtu aliyefunga daftari lake mwenyewe hana cha kumwonyesha jirani anayemsingizia deni. Hivi sasa hesabu pekee za hadharani kuhusu miili ya Watanzania zinatangazwa na watu wasiokuwa Watanzania, na wanaotaka tuwe wazalendo hawaoni fedheha iliyomo humo.

Nitaambiwa: lakini mashine zilikuwa mbovu. Ndiyo, Rais alituambia pale Chato, Mei 3, kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina korona. Wakuu wa maabara wakasimamishwa, kamati ikaundwa. Nakubali kwamba kipimo kinachoona korona ndani ya papai kinahitaji kuchunguzwa, na aliyekishuku hakufanya kosa. Ila hapa Tabora kila mtoto wa mkulima wa tumbaku anajua cha kufanya mizani inaposhukiwa. Unamwita afisa wa Wakala wa Vipimo, mizani inapimwa mbele ya wakulima, ikithibitika mbovu inaondolewa na nyingine inaletwa. Sijasikia chama cha ushirika kilichosema: kwa kuwa mizani imedanganya, tangu leo tumbaku haina uzito. Na mkulima anayeambiwa hivyo haulizi tena kuhusu mizani. Anaanza kumwuliza maswali katibu.

Nitaambiwa tena, na hii ndiyo hoja inayorudiwa zaidi, kwamba takwimu zinaleta hofu na kwamba hofu inaua kuliko korona. Hoja hii imekwisha kujaribiwa, tena na serikali yenyewe. Machi 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alisimama akatangaza mgonjwa wa kwanza: mwanamke wa miaka 46, ametoka Ubelgiji, ameshukia uwanja wa Kilimanjaro, yuko Arusha chini ya uangalizi. Alisema kwa utulivu, tukasikiliza kwa utulivu. Siku iliyofuata shule zikafungwa, kisha vyuo. Kwa wiki sita tuliambiwa, wakati mwingine habari mbaya sana, na nchi haikuporomoka. Watu waliweka ndoo za maji yenye bomba milangoni mwa maduka. Abiria wakakubali kukaa kila mtu kwenye kiti chake. Hofu niliyoiona mimi ilianza Mei, baada ya kimya. Ilianza pale limao lilipoadimika sokoni, kila simu ikawa na sauti ya mtu asiyejulikana anayedai kuwa ni daktari, na watu wakaanza kuhesabu makaburi wenyewe. Ndani ya siku 11, Aprili ikiisha na Mei ikianza, tulizika wabunge watatu, mmoja wao akiwa Waziri wa Katiba na Sheria. Sijui kilichowaua, wala sidai kujua. Mtaani kila mtu alidai kujua.

Sijifukizi kwa kubeza wanaojifukiza; mwenyewe nimefunikwa blanketi juu ya chungu cha mchaichai mara mbili, kwa amri ya mke wangu. Sala pia nimesali. Ila Mungu tunayemwomba hajakataza kuhesabu.

Sasa niseme lililonifanya niandike, maana bila hilo pengine ningenyamaza kama wengine. Katikati ya Ramadhani, mtaani kwetu alifariki mzee mmoja siku chache baada ya kurudi kwa basi kutoka Dar es Salaam. Alikohoa, akabanwa pumzi, akaondoka. Familia ilielezwa ni nimonia, na huenda ilikuwa hivyo. Alfajiri yake alikuja kwangu bibi mmoja wa jirani. Mumewe ni miongoni mwa wanaume waoshao maiti katika msikiti wetu, na yeye mwenyewe huwaosha wanawake. Hakuja kunitaka shauri la dini, hilo analijua kuliko mimi. Aliuliza: "Mwanangu, wewe umesoma. Huyu baba watoto wamwoshe kama kawaida?"

Nilimpigia simu mtu ninayemfahamu katika sekta ya afya. Simtaji, wala sitaji anakofanya kazi. Akasikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, swali hilo usiniulize kwenye simu." Sikumlaumu. Ana watoto watatu na ajira moja. Nikarudi kwa bibi nikamwambia waoshaji wawe wachache, wavae chochote mikononi, waoge wakimaliza. Mipira ya mikono hawakuwa nayo. Mifuko ya plastiki tuliyoipiga marufuku mwaka jana, kwa sababu nzuri kabisa, ingewafaa asubuhi ile. Walimwosha kwa mikono mitupu, wazee wanne, mdogo wao akiwa na miaka sitini na kitu. Mpaka leo wote ni wazima, namshukuru Mungu. Lakini siku kumi na nne zilizofuata niliamka kila alfajiri nikisikiliza kama kuna kilio upande ule wa mtaa, kwa sababu jibu nililowapa nililitunga kichwani, mimi mwalimu wa historia, katika nchi yenye wizara, madaktari na maabara.

Kimya kinapoendelea, hilo ndilo linalotokea: maamuzi ya Wizara ya Afya yanahamia kwa watu kama mimi. Yanahamia kwa dereva wa lori, kwa mwosha maiti, kwa mkuu wa bweni atakayeamua Jumatatu vitanda viachane kiasi gani. Wanaamua kwa sababu lazima mtu aamue. Na likitokea baya, hakuna atakayewajibika, maana rasmi hakukuwa na ugonjwa wa kutisha.

Mji huu una kumbukumbu nyingine inayofaa hapa. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua iwapo ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mwenye akili aliona kwamba sharti lake la rangi ni tusi. Tunauita Uamuzi wa Busara, na kila mwanafunzi wangu anaweza kuandika insha juu yake. Tunachosahau ni kwamba ubaya wa sharti lile haukufichwa mkutanoni. Uliwekwa mezani, watu wakaukasirikia, wakabishana. Nyerere akajenga hoja ya kwa nini wameze kidonge kile kichungu. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake. Wajumbe walifunga safari ya kurudi makwao wakijua wamekubali nini. Kuacha nchi wazi wakati wa gonjwa hili kungeweza kuwa uamuzi wa namna hiyo. Serikali ingetuambia: tumepima njaa na tumepima ugonjwa, tumechagua hatari hii kuliko ile, na kila Ijumaa tutawaeleza imefikia wapi katika kila mkoa. Ningeitetea serikali hiyo mbele ya yeyote, hata mbele ya binti wa Temeke.

Mwanafunzi mmoja ameniuliza kama siogopi kuandika. Naogopa. Mwezi uliopita gazeti la Mwananchi lilifungiwa leseni ya mtandaoni kwa miezi sita kwa sababu ya picha. Watumishi wa umma mnaonisoma mnaogopa zaidi, na mna haki. Siwaombi mtoe siri za ofisi. Nawaomba mlio na nafasi ya kuandika dokezo, mwandike dokezo: kwamba familia ya aliyepimwa ipewe majibu kabla ya mazishi, kwamba mganga wa zahanati aruhusiwe kujibu anapoulizwa na mwosha maiti, kwamba hesabu ya mkoa irudi kutolewa, hata kama ni ndogo, hata kama ni sifuri. Kama kweli ugonjwa umepungua, kama Rais alivyosema akizitaja Amana na Mloganzila, basi hizo ni habari njema, na sijapata kuona serikali inayoficha habari njema za nchi nzima na kuzitaja kwa hospitali chache tu.

Jumatatu nitaingia darasani saa mbili asubuhi. Chumba changu huchukua wanafunzi zaidi ya mia, na madirisha ya upande wa mashariki hayafunguki tangu mwaka juzi. Nimenunua ndoo mbili zenye bomba na sabuni ya mche. Nimepanga kufundishia nje, chini ya miembe, mpaka jua litakapotufukuza.

Binti wa Temeke nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba akija asikae bila barakoa ndani ya basi hata wengine wakimcheka. Nilimwambia pia nitamwelewa akichelewa. Jana usiku alinitumia ujumbe. Bibi amehamishiwa kwa shangazi huko Kibaha. Yeye amekata tiketi, anafika Jumapili jioni.